Hodi Kwenye Jicho la Namkunda

Usiku wa kuamkia leo niliota gari la matangazo linapita mbele ya nyumba yetu, lile lenye spika juu ya paa linalotangaza sabuni na misiba. Safari hii lilikuwa linanitangaza mimi.

"Tangazo, tangazo! Shangazi yake Namkunda anaombwa kufika haraka kwenye jicho la kulia. Ni dharura. Aje na kitambulisho."

Mimi sipendi kutajwa hadharani. Kanisani wageni wakiombwa wasimame, mimi mwenyeji huinama na kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Lakini aliyetajwa alikuwa Namkunda, kwa hiyo nilijifunga kanga nikatoka mbio.

Namkunda ni mtoto wa kaka yangu. Yuko darasa la nne na haoni mbali. Wazazi wake wanafanya kazi Dodoma, yeye anakaa Moshi pamoja na mimi na mama yangu, ambaye ndiye bibi yake. Tangu likizo iliyopita anavaa lenzi za usiku. Ni lenzi ndogo, ngumu, anazivaa akienda kulala, nazo zinabonyeza taratibu konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Asubuhi anazivua, na mchana kutwa anaona ubao bila miwani. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akasoma kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, herufi kwa herufi, akacheka. Mimi nikalia. Mimi hulia upesi.

Kufika jichoni hakukuchukua muda. Kwenye kona ya jicho kulikuwa na kamba ya kuanikia, na juu yake mikono mingi imebanwa kwa vibanio, inachuruzika maji.

"Nawa, kausha, ndipo uingie," ikasema mikono yote kwa pamoja.

Ni kweli, hivyo ndivyo tulivyofundishwa kliniki. Nikanawa, nikavua mikono yangu, nikaianika. Nikaendelea bila mikono. Haikunisumbua.

Kope zilikuwa zimefungwa kama mapazia ya ukumbi. Nikainua moja kwa kichwa, nikapenya.

Konea ni kilima. Hakuna aliyewahi kuniambia. Ni kilima cha kioo, safi kiasi kwamba naona hadi chini kabisa, kwenye mboni nyeusi ambayo nayo inanitazama. Huku ndani ni mchana, ingawa kope zimefungwa. Sikuuliza. Juu ya kilima wamekaa seli, wamebanana kama waumini siku ya Pasaka, na wote hawana rangi. Ukimtazama mmoja unamwona aliye nyuma yake, na aliye nyuma ya huyo, mpaka unaona haya.

"Umechelewa, shangazi," akasema mmoja wao, mama mnene mwenye filimbi shingoni. "Mimi ni mjumbe wa safu ya juu. Kitambulisho?"

Sikuwa nacho. Nikamwonyesha pua. Namkunda ana pua yangu. Mjumbe akaikagua kulia na kushoto, akaipiga muhuri.

Kumbe hatukuwa peke yetu. Pale weupe wa jicho unapoanzia ilikuwa imefungwa kamba, na nyuma ya kamba walisimama mishipa ya damu, wekundu, wembamba, kila mmoja na hotpoti kichwani.

"Tumewaletea chakula!" wakaita.

"Hatuli!" akajibu Mjumbe.

"Ndugu zenu tumetoka mbali, mnakataa chakula?"

"Sisi tunakula hewa na machozi, mnajua. Mkivuka hiyo kamba mtoto haoni. Shusheni hotpoti mpumzike huko huko."

Mshipa mmoja akamnong'oneza mwenzake, lakini kwa sauti ya kusikika: "Subiri hewa ipungue. Watatuita wenyewe."

Hewa ilikuwa kweli imepungua. Seli wa katikati walikuwa wanajipepea kwa kofia zao.

Hapo ndipo nilipomwona Bwana Lenzi. Amelala kifudifudi juu ya kilima, mpana kama paa la ukumbi, amevaa pajama zenye mistari.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Samahani, siwezi kuinuka. Nimenata."

"Umenata?"

"Ndiyo. Kazi yangu mimi ni kuelea. Naelea juu ya machozi, nabonyeza kwa adabu, nasema 'jamani, songeni kidogo pembeni', wanasonga, asubuhi naondoka. Sijawahi kumgusa mtu."

"Ni kweli," seli wakaitikia kutoka chini yake. "Ni mtu wa heshima sana."

"Leo nimegusa," akasema Bwana Lenzi. "Machozi yamekwisha kati yetu. Nimewalalia watoto wa watu. Sijui nitaiweka wapi sura yangu."

"Imekuwaje?"

"Nimesuuzwa. Na si kwa dawa yangu."

Nikamwambia haiwezekani. Daktari alisema maji ya bomba ni marufuku, na Namkunda ni mtoto anayesikia.

"Si ya bomba," akasema.

Nikageuka nimuulize ni ya wapi, nikajikuta nimesimama jikoni kwetu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kigoda kimekaa juu ya meza, na meza imekaa juu ya kigoda kingine. Mbele yake walijipanga sufuria, mtungi na kata ya kuchotea maji.

"Nani anasema maji yangu ni machafu?" akauliza Mama.

"Hakuna aliyesema, Mama."

"Sufuria, sema."

"Mimi nilichemsha," ikasema sufuria. "Nilichemsha mpaka maji yakaomba radhi."

"Mtungi?"

"Nikayapokea, nikayapoza. Sina maneno mengi."

"Kata?"

Kata ikatazama sakafu. Ina mpini mrefu, kwa hiyo ilikuwa kazi kubwa kuinama.

"Kata!" akasema Mama.

"Asubuhi nachota ndoo ya bomba," ikasema kata polepole. "Jioni nachota mtungini. Hakuna aliyewahi kuniambia nioge katikati."

Hata jiko la mkaa liliacha kulia.

"Mtoto aliniuliza," Mama akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Alisema, 'Bibi, daktari amekataza maji ya bomba, lenzi nisuuzie nini?' Nikamwambia haya hapa, yamechemka, wanakunywa mpaka wachanga."

"Mama, lenzi haitaki maji yoyote. Hata yaliyochemka. Ina dawa yake."

"Huyo lenzi ni nani, akatae maji wanayokunywa wachanga?"

Sufuria, mtungi na kata wakanigeukia kusikia jibu. Nikakosa la kusema. Mbele ya mama yangu huwa nakosa hata nikiwa macho. Ndipo filimbi ya Mjumbe ikapulizwa kutoka ndani ya mtungi, mara tatu, kwa hofu. Nikachungulia, nikatumbukia, nikatokea juu ya kilima nikiwa mkavu.

"Hodi!"

Ni sauti nzuri, ya mtu aliyelelewa vizuri.

Ubavuni mwa Bwana Lenzi kuna mlango mdogo ambao muda ule haukuwapo. Ni mchubuko. Mjumbe ananieleza kwa kunong'ona kwamba Namkunda alifikicha jicho usingizini, Lenzi akiwa amenata, na pale pakachanika kidogo. Nje ya mlango amesimama mgeni mwenye sanduku. Hana umbo. Mara ana mkono, mara hana. Mara ana mabega mengi.

"Habari za hapa," anasema. "Mimi ni Amiba. Nimetokea mtungini, kabla ya hapo ndoo, kabla ya hapo bomba. Njiani nilijikunja nikalala, ndiyo desturi yetu. Nimechoka kweli."

"Unataka nini?" nikauliza.

"Kupumzika tu. Miezi michache."

"Na unakula nini?"

"Mimi si mchaguzi," akasema, akiwatazama seli mmoja mmoja. "Chochote nikutacho."

Mjumbe akanivuta pembeni kwa kanga. "Sikiliza, shangazi. Huyu akiingia, anachimba. Akichimba, kioo kinapata ukungu. Ukungu ukikaa, mtoto ndiyo basi tena na jicho hili."

"Basi msimkaribishe!"

"Anapiga hodi."

"Nasikia."

"Shangazi, sisi tuna malezi. Hodi ya kwanza mtu anaweza kujifanya hajasikia. Ya pili anaweza kukohoa. Ya tatu hatuna la kufanya."

"Hodi!" akasema Amiba.

Seli wote wakakohoa.

Amiba ananyoosha tai, ambayo ameiotesha sasa hivi. Anajiandaa. Kijana mmoja wa safu ya nyuma, macho yameiva kwa adabu, ameshafungua mdomo. "Ka..." anaanza. Namrukia. Sina mikono, namziba kwa kidevu. Mwingine upande wa kushoto: "Ka..." Namziba kwa bega. Na hapo nagundua kwamba neno lenyewe liko mdomoni mwangu mimi. Limeshafika kwenye meno. Nililifundishwa kabla sijafundishwa jina langu. Nimelisema kwa wageni, kwa wadai, kwa mbuzi wa jirani.

"Ho..." anasema Amiba.

"SIKUKARIBISHI!"

Sauti ile ilikuwa yangu. Ilipanda kilima ikashuka upande wa pili ikarudi. Sidhani kama kuna mtu katika ukoo wetu amewahi kulitamka neno lile. Mishipa ya damu waliangusha hotpoti. Mjumbe alikaa chini. Bwana Lenzi akasema taratibu, "Mama yangu."

Amiba naye alishangaa. "Hata maji ya kunywa hunipi?"

"Hata maji. Maji hasa!"

Akanitazama kwa muda kwa macho aliyokuwa nayo wakati huo. Kisha akaweka sanduku chini, akalikalia.

"Sawa. Basi nitasubiri hapa hapa nje," akasema. "Mkimvuta huyo Lenzi wenu kwa nguvu, mlango utapanuka wenyewe. Mlango ukiwa mpana sihitaji hodi."

Nikageuka. Seli walikuwa wameshamshika Bwana Lenzi ukingoni na wanahesabu ili wavute kwa pamoja.

"Acheni! Acheni jamani!" Nilikuwa nimeshaonja kupiga kelele na sasa sikuweza kuacha. "Lenzi ikinata haivutwi! Daktari alisema inawekewa matone, inasubiriwa mpaka itembee yenyewe!"

"Matone yako wapi?" akauliza Mjumbe.

"Kwenye droo."

"Droo iko wapi?"

"Nje."

Wakatazamana, na kwa kuwa hawana rangi, niliona mashaka ya wote kwa mkupuo.

"Basi lia wewe," akasema Mjumbe. "Machozi ni yale yale. Tunasikia unalia hata kwa kibao cha duka."

Nilijaribu. Nilikunja uso, nikavuta pumzi, nikafikiria mambo ya huzuni. Hakuna kitu. Nilikuwa na msisimko mno. Ningeweza kuruka ukuta, lakini si kulia. Na hewa inazidi kupungua. Nyuma ya kamba mishipa wameokota hotpoti zao, wanafuta vumbi, wameanza kuimba wimbo wa kuingilia.

"Ngoja nimsaidie," akasema Bwana Lenzi. "Palikuwa na kuku."

"Enhe," nikasema.

"Alikuwa na vifaranga. Siku moja wakavuka mtaro. Mmoja akabaki."

"Mdogo?"

"Yule mdogo kabisa."

"Akawa analia?"

"Hapana," akasema Bwana Lenzi. "Alidhani wanamchezea. Akawa anasubiri zamu yake ya kujificha."

Basi, ikawa hiyo. Yalinitoka kama bomba lililopasuka! Yakatiririka kilimani, yakapita kati ya seli, na seli wanayanywa na kuniambia ahsante, yana chumvi ya kutosha. Yakafika ukingoni mwa Bwana Lenzi, yakaanza kupenya chini yake.

"Napata unyevu," akatangaza. "Upande wa kushoto bado. Nipeni msukumo kidogo, wa adabu."

"Mikono yangu!" nikaita.

"Hatujakauka!" ikajibu kutoka kwenye kamba.

"Basi mguu," akasema Mjumbe. "Lakini vua kandambili, utatuchubua."

Nikavua. Nikauweka mguu wa kushoto peku juu ya kilima, nikaukaza, na kilima kikabonyea chini yangu kama ugali wa moto. Mguu wa kulia nikauegemeza kwenye ukingo wa Lenzi. Machozi yalikuwa yameshaunawisha. Nasukuma. Polepole, kama unavyosukuma bembea yenye mtoto anayeogopa. Nangoja. Nasukuma tena. Anatikisika. Seli wameshika pumzi, isipokuwa hawana pumzi ya kushika.

"Naelea," akasema Bwana Lenzi. Kisha akapaza sauti, pajama zikipepea: "NAELEA!"

Vigelegele! Hewa ikaingia chini yake kama upepo wa mlimani, seli wakasimama, wengine wanakumbatiana, mmoja ananibusu kwenye muhuri wa pua. Mishipa wakatazamana, wakafunika hotpoti, wakasema basi tutakula wenyewe. Na yale machozi, baada ya kumwinua Lenzi, yakageuka kwa kishindo kuelekea mlangoni.

Amiba akaona yanakuja. Akajaribu kujikunja alale, lakini alikalia sanduku vibaya. Yakamzoa.

"Ukarimu wenu ni mdogo sana!" akapiga kelele akielea kuelekea kwenye kile kitundu cha kona ya jicho. "Nitawasema!"

"Kasemee huko!" nikamjibu. Mimi, ambaye muuza nyanya akinipa zilizooza humwambia ahsante.

"Kile kitundu kinakwenda wapi?" nikamuuliza Mjumbe.

"Puani," akasema, na sura yake ikabadilika. "Shangazi, shika kitu."

Sikuwa na mikono ya kushikia. Kilima kikatetemeka, kope zikafumbuka zenyewe, nikarushwa juu kwa chafya moja kubwa.

Nikaamka. Kumepambazuka. Na ng'ambo ya ukuta, chumbani kwake, Namkunda alikuwa ndiyo kwanza anamalizia kupiga chafya.

Sikuvaa hata kandambili. Nilimkuta amekaa kitandani, lenzi ya kushoto ameshaivua, jicho la kulia jekundu, na vidole viko tayari kwenye kope.

"Shangazi, hii imegoma. Ngoja niivute."

"USIVUTE!"

Akaruka. Kutoka jikoni Mama akauliza nani huyo anayepiga kelele, maana hakuijua sauti.

Nikanawa, nikakausha, nikafungua droo. Tone moja, jingine. Nikamwambia apepese macho, atazame juu, atazame chini, na tungoje. Alitaka kujua tungoje mpaka lini. Nikamwambia mpaka yenyewe iseme. Baada ya muda ikatembea, kidogo tu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Nikaitoa.

"Namkunda, lenzi unazisuuzia nini?"

"Maji ya Bibi, ya mtungini. Ya bomba si mlikataza?"

Hata chai hatukunywa. Tulikwenda kliniki sote watatu, Mama amevaa kanga yake ya kanisani. Daktari Mbaga alimweka Namkunda jichoni rangi ya manjano inayoonyesha michubuko, akazima taa, akawasha mwanga wa buluu, akatazama kwenye mashine kwa muda mrefu. Nilishika mkoba kwa mikono yote miwili.

"Kuna mchubuko hapa pembeni," akasema mwishowe. "Mdogo, na ni safi. Sioni kilichoingia. Mmewahi. Lenzi zipumzike, hizi mlizokuwa mnasuuzia maji tutazibadilisha pamoja na kikasha chake, nampa dawa ya matone, na kesho nimwone tena."

"Na nitavaa tena?" akauliza Namkunda.

"Likipona vizuri, utavaa. Lakini maji, hapana. Bibi, hata yaliyochemka."

"Nimesikia, daktari," akasema Mama. "Kumbe hata mimi nilikuwa na la kufundishwa."

Daktari alikuwa anataka kuwasha taa, akasita. Akarudisha macho kwenye mashine.

"Na hivi ni nini? Si jeraha. Ni vibonyeo tu, lenzi ikikaa vibaya viputo vya hewa huacha alama kama hizi. Mchana vitakuwa vimeondoka. Lakini vilivyojipanga... Shangazi, hebu njoo uone."

Nikakaa kwenye kiti chake, nikatazama. Kilima kilikuwa kimegeuka kijani, kinang'aa. Kando ya mchubuko kulikuwa na alama ndogo kuliko punje ya mtama: kisigino, upinde, vidole, na kidole cha mwisho kimempandia mwenzake mgongoni.

"Utadhani wayo wa mtu," akasema daktari akicheka.

"Wa nani?" akauliza Namkunda.

Nilikuwa nimevaa sendozi za wazi. Nikasema sijui, na nikauvuta mguu wa kushoto taratibu, nikauficha nyuma ya mkoba.